Fimbo Niliyoilaza Getini

Mpendwa Baba,

Wazee wenzako kule Olmotonyi wangecheka kusikia nakuandikia. Kwao aliyekufa huzungumzishwa, haandikiwi barua. Lakini mimi ni mtu wa karatasi, ulinisema hivyo mwenyewe, na kosa ninalokuja kulieleza lilianzia kwenye karatasi, lile tangazo nililoliandika kwa mkono wangu na kulibandika kwenye ubao wa shule ya mjukuu wako hapa Elerai. Kwa hiyo nimeandika tena. Nikimaliza nitaibandika barua hii palepale, wazazi waisome. Ungekuwepo ungenizuia. Ulipenda ya nyumbani yabaki nyumbani, na tazama yalikotufikisha.

Nakumbuka ulivyoshuka kutoka mlimani mwaka ule tuliomzika mama. Nilikuja kukuchukua nikidhani utatoka na masanduku. Ukatoka na mfuko mmoja wa nguo, fimbo yako ya mti wa mloliondo, na mbwa. Nikasema, "Baba, mjini mbwa anakaa ndani ya geti." Ukanijibu, "Basi na mimi nitakaa naye ndani ya geti." Mjadala ukaishia hapo. Mbwa mwenyewe alikuwa na rangi ya maziwa mbele, na nyuma kahawia kuanzia kiunoni hadi magotini, kama mwanafunzi wa shule ya msingi. Mjukuu wako Nashi akamwita Kaptula siku hiyohiyo, na lile jina la Kiarusha ulilompa wewe halikusikika tena nyumbani kwangu.

Wewe na Kaptula mliniondolea mzigo. Njia ya kwenda shule inapita nyuma ya bucha, na nyuma ya bucha wanashinda mbwa koko ambao hawamwogopi mtu. Nashi alikuwa ameshakimbizwa mara mbili na kupoteza kiatu kimoja. Ulipoanza kumsindikiza, wale mbwa koko walimtazama Kaptula siku ya kwanza, wakamtazama siku ya pili, na siku ya tatu wakabaki wamelala. Watoto wa jirani wakaanza kuwasubiri mpite ili wafuate nyuma yenu. Rahma alikuwa mmoja wao.

Mama yake Rahma alikuja getini kwetu wiki ileile. Wasomaji wa ubaoni wanamjua: Mrangi wa Kondoa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke wa maneno machache. Alikusalimia, "Shikamoo baba," na ulipoitikia akasema bila kuzunguka, "Baba, kwetu sisi mate ya mbwa ni najisi. Mtoto akilambwa njiani, nguo zote zifuliwe upya ndipo aende madrasa. Sisemi usiwe naye. Naomba tu umshike tukipita." Nilikuwa jikoni, nikaacha vyombo nisikilize, maana nakujua na mbwa wako. Ukasema, "Umefanya vizuri kuniambia, mama. Usiposema nitajuaje?"

Tangu siku hiyo, mtu wa kwao akitokea njiani ulikuwa ukishuka upande wa chini wa barabara, unamshika Kaptula shingoni, na kusimama hivyo mpaka wapite. Mtu mzima, mwenye ng'ombe zake huko juu, amesimama kwenye majani kumpisha mtoto wa darasa la pili. Idd ilipofika Mama Rahma alituletea pilau, na wewe ukakataa sahani irudi tupu, ukaipanga mayai. Kumbe adabu haikuhitaji kamati.

Na Rahma, Baba. Alimwona Nashi anavyokuinamishia kichwa umguse, kama tunavyolelewa sisi, naye akataka. Akasimama mbele yako na hijabu yake nyeupe, kichwa chini. Ukasita. Ukamwambia, "Mkono wangu umeshika mbwa, mwanangu." Kisha ukageuza fimbo, ukamgusa utosini kwa kile kirungu cha juu, taratibu sana, ukasema, "Ukue." Ikawa ndiyo salamu yenu kila asubuhi. Nashi aliona wivu mpaka naye akataka aguswe kwa fimbo.

Halafu likaja tangazo langu. Ukweli usemwe, halikukulenga wewe. Kulikuwa na mabwana wa zile nyumba mpya wanaokuja na mbwa wakubwa mpaka mlangoni mwa darasa la kwanza, wanasema, "Huyu haumi," huku mtoto amejibanza ukutani. Kulikuwa na mbwa wanaowafuata watoto na kubaki uwanjani wakinyang'anyana mihogo na wanafunzi. Kamati ya wazazi ikakaa, na mimi katibu nikaandika kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KULETA MBWA KARIBU NA SHULE. MWISHO NI KONA YA JAKARANDA. Ulilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, ukasema, "Limeandikwa vizuri." Wale mabwana walilipita kama hawalioni. Wewe ulilitii.

Ulilitii kwa namna yako ya machungani. Ukifika kwenye jakaranda ulikuwa ukivuka mtaro, unakwenda nyuma ya mti ambako majani ni marefu, unailaza fimbo chini na kumwambia Kaptula maneno mawili kwa lugha yetu. Alijilaza kando ya fimbo, kidevu juu yake, na hapo hata umwoneshe mfupa hanyanyuki. Nilikuuliza inakuwaje. Ukasema mchungaji akienda kunywa maji huacha fimbo na mbwa, na akirudi hukuta vyote viwili. "Lakini mtu asiiguse," ukaniambia. "Yeye anajua fimbo ni ya mmoja tu. Ndiyo maana naweka nyuma ya mti, watoto wasiione."

Uliniambia. Nilisikia. Nataka wanaosoma wajue kwamba niliambiwa.

Asubuhi ile ya masika goti lako lilikuwa limevimba. Ulikaa kitandani ukanielekeza kama mtoto: mchukue Kaptula kwa sababu ya wale wa bucha, chukua fimbo, vuka mtaro, nyuma ya mti. Nikasema ndiyo, ndiyo, Baba, huku natafuta hereni. Kulikuwa na wageni wa kuwapokea ofisini saa moja na nusu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mimi nilikuwa nimevaa vile viatu vya ofisi ulivyoviita kwato. Tulipofika kwenye jakaranda mtaro ulikuwa umejaa maji ya tope. Nilisimama pale. Nilitazama viatu, nikatazama saa, nikaona bodaboda niliyoiita inanisubiri mbele, getini. Nikaendelea kutembea na mbwa mpaka getini, nikaipita karatasi yangu mwenyewe, nikailaza fimbo kwenye nguzo ya geti na kumwambia Kaptula yale maneno mawili. Nikaingia ndani kumpeleka Nashi na kusaini muhtasari wa kikao. Dakika mbili tu, nilijiambia.

Rahma alichelewa siku hiyo, alikuwa anakuja peke yake. Aliikuta fimbo yako imelala kwenye tope. Baadaye alimweleza nesi, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda: "Nilidhani Babu ameisahau. Nikataka nimpelekee." Mtoto aliyefundishwa kwamba kitu cha mzee hakiachwi chini, na mbwa aliyefundishwa kwamba kitu cha mzee hakiguswi. Wote wawili walikuwa na adabu nzuri, na asiye na adabu alikuwa ndani anasaini karatasi.

Nilisikia ukelele. Nilipotoka Kaptula alikuwa ameshamwachia na amerudi kulala kando ya fimbo, anatetemeka. Mkono wa Rahma ulikuwa na matundu manne chini ya kiwiko. Nilimbeba mpaka kwenye bodaboda. Hilo angalau nililifanya.

Wanaosema mbwa alikuwa kichaa wanasema uongo, na kadi ya chanjo ninayo mpaka leo. Afisa mifugo aliiona, akasema afungwe siku kumi aangaliwe, na Rahma achomwe sindano zake zote kwa usalama. Kesho yake kikao kikaitishwa darasani. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao, na mwenyekiti wa mtaa akauliza nani alimleta mbwa mpaka getini wakati tangazo lipo. Wakanitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeliandika, walitaka nilisome. Nilifungua mdomo, Baba. Nakuapia nilifungua mdomo. Wewe ukasimama kwa goti lile bovu, ukasema, "Ni mimi. Uzee umenisahaulisha."

Nimekuchukia kwa maneno hayo. Naliandika hili nikijua watu watasoma. Ulinifanyia wema ambao sikukuomba, na ulijua sitaukataa. Ungeninyamazia kidogo tu, ungehesabu mpaka kumi, labda ningesema. Labda nisingesema, na hapo ningejijua mimi ni nani. Tuna msemo wa mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe hukulia. Ulikaa chini, ukashika goti, na nyuma yako mzazi mmoja, mwenye mbwa wake mkubwa nyumbani, akasema wazee wa porini wabaki porini. Watu wakacheka. Na mimi niliandika muhtasari. Jina lako liko kwenye muhtasari ule kwa mwandiko wangu.

Siku kumi zilipita, Kaptula akiwa mzima kuliko sisi sote. Haikusaidia. Kamati iliamua kwamba mbwa aliyeonja mtoto ataonja tena, na mimi katibu nikaandika na hilo. Uliomba jambo moja tu, ifanyike kwenye jakaranda, watoto wakiwa wameshaingia darasani. Bwana mifugo alijaribu mara tatu kumkaribia na sindano, na mara tatu Kaptula akarudi nyuma akionesha meno, maana hakumjua. Yule bwana akasema basi tutafute bunduki. Ukasema, "Ngoja." Ukavuka mtaro, ukaenda nyuma ya mti, ukailaza fimbo chini, ukasema maneno mawili. Kaptula akaja akajilaza, kidevu juu ya fimbo, akatulia. Ulimwambia yule bwana, "Usiiguse fimbo tu. Hatakufanya kitu."

Hakumfanya kitu.

Wewe ulisimama mpaka mwisho. Kisha ukageuka ukaondoka, ukiweka mkono kwenye ua wa watu ili usianguke. Fimbo hukuiokota. Niliiokota mimi, nikaificha nyuma ya kabati, na kesho yake ukasema unataka kurudi mlimani. Sikukubembeleza ubaki. Nilikusindikiza, nikakununulia mkate na majani ya chai, na tulipoachana ukaniambia, "Uwe unapumzika, mama." Nilingoja useme lingine. Nadhani na wewe ulikuwa unangoja nililo nalo mimi.

Baridi ya mwezi wa saba ikakuchukua, mapafu, haraka. Msibani watu wa Elerai walikuja kwa adabu zao, na nikawasikia kwa masikio yangu wakiulizana, "Ndiye yule mzee wa mbwa?" Umechunga, umelea, umekuwa mzee wa kanisa miaka yote ile, na mjini umeacha jina hilo. Kaka Loshiro aliuliza mbele ya wazee fimbo ya mzee iko wapi, maana yeye ndiye mkubwa na ni haki yake kuipokea. Nikasema sijui. Mama Rahma hakuja. Nilikasirika, nikajisemea moyoni kwamba ana roho ngumu, mpaka kwenye maiti anabeba kinyongo cha mbwa. Unaona nilivyokuwa. Nilikuwa nimepata hata mtu wa kumlaumu.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikutana na Rahma njiani, anatoka dukani. Alama zimebaki, nne, zinang'aa kidogo. Akanisalimia vizuri. Kisha akauliza, "Mama Nashi, Babu alipata fimbo yake?"

Nikamwambia alipata. Nilimdanganya mtoto mchana kweupe, na yeye akafurahi, akasema, "Afadhali."

Nilikaa na hiyo afadhali siku tano. Siku ya sita niliitoa fimbo nyuma ya kabati, nikaifuta tope lililokuwa limekauka, nikaenda nayo kwa Mama Rahma. Alikuwa anaanua nguo. Nikamweleza yote nimesimama, viatu, mtaro, nguzo ya geti, kikao. Nilipomaliza alikunja kanga moja, akaiweka kwenye beseni, akasema, "Nilijua."

Rahma alikuwa amemwambia siku ileile ya kwanza, kabla hata ya sindano: Babu hakuwepo, alikuwepo Mama Nashi.

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?" nikamuuliza, na nina aibu kwamba nilimuuliza kwa ukali.

"Mzee alikuja hapa usiku wa kuamkia kikao," akasema. "Alisimama hapo hapo uliposimama. Hakuingia, alisema nguo zake zimelaliwa na mbwa. Akaniambia, 'Mama Rahma, nisamehe kwa mkono wa mtoto. Binti yangu atakuja mwenyewe kukwambia. Mpe muda.' Nikampa ahadi."

Akaanua kanga nyingine.

"Nimekupa muda. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Kila ukipita hapo nasema leo. Mzee amekufa. Watu wanasema sikuja msibani kwa sababu yake. Sikuja kwa sababu yako wewe. Ningekupa mkono wa pole, halafu?"

Hili ndilo nililotaka kukuuliza, Baba, na huwezi kunijibu. Uliniamini kiasi gani mpaka ukanipangia siku? Ulikaa kule juu kwenye baridi, bila fimbo, bila mbwa, ukingoja nitoke Elerai na kupanda na maneno matatu tu, ni mimi niliyefanya. Nashi alikupigia simu kila Jumapili. Mimi nilikuwa nauliza kama una sukari ya kutosha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mlituimbia tangu utoto. Mbona guu langu ni zima? Lililovunjika ni jina lako, na mkono wa mtoto wa watu, na mbwa ambaye kosa lake lilikuwa utii.

Mama Rahma hajanisamehe. Nilimwomba, akasema, "Hilo tutaona." Ni jibu la haki. Nilikuwa nageuka kuondoka Rahma akatoka ndani na daftari lake, akaiona fimbo mkononi mwangu. Hakuuliza kwa nini ninayo mimi na Babu hayupo. Aliweka daftari chini, akaja mbele yangu, akainamisha kichwa.

Nilisimama pale, Baba. Kirungu kile kilikuwa mkononi mwangu na hijabu yake ilikuwa hapo chini yangu, nyeupe, imenyooka. Sikuweza kukigeuza. Alisubiri, akasubiri, kisha akanyanyua macho kunitazama, na mama yake akamwambia, "Ingia ndani, Rahma."

Kwa wazazi mnaosoma hapa ubaoni: muhtasari ule una uongo, na aliyeuandika ndiye aliyeleta mbwa getini. Ukatibu nimeuacha. Tangazo la jakaranda msilitoe, ni zuri, aliyelitii peke yake alikuwa mzee wa mbwa.

Jumamosi napanda Olmotonyi. Nitamwambia Loshiro mbele ya wazee walewale nilipoificha fimbo na kwa nini, kisha wataamua wao kama inafaa aipokee. Nimewaomba wanikute kwako, kaburini. Nitailaza kando yako chini kwenye majani, mbali na njia, kama ulivyonielekeza, na nitakaa nayo mpaka watakapokuja kuichukua, kwa sababu aliyekuwa anajua kuilinda nilimwandikia muhtasari wa kuuawa.

Lala, Baba. Safari hii nitavuka mtaro.

Mimi binti yako,
uliyempa muda.